Kujumlisha foleni ya sehemu: LCM, patani, kalkuleta au teleskopi, ushike ipi?

Hili swali laja kila msimu wa mitihani na laja na sura ileile. Mtu yuko na foleni ya sehemu, 1/2 + 1/6 + 1/12 + 1/20 mpaka sijui wapi huko, ameambiwa atafute jumla na hajui aanzie wapi. Huyu atamwambia tafuta LCM, mwengine amwambie angalia patani, mwengine ati piga kalkuleta yaishe, halafu kuna yule wa nyuma kabisa atakayesema "hiyo ni teleskopi" kisha anyamaze kama amemaliza kazi. Mimi nafundisha tuisheni huku Tudor, Mombasa, mchana watoto wa fom thri na fom foo, jioni waja wa chuo wa mwaka wa kwanza, na hizi njia zote nimeziona zikitumika juu ya meza moja kwa swali moja, wakati mwengine zatoa jibu moja na wakati mwengine zatoa majibu manne na ugomvi. Kwa hivo hebu tuzilinganishe vizuri, maana si kweli kwamba teleskopi ndo dawa ya kila kitu, na pia si kweli kwamba LCM ni mambo ya praimari.

Twende na swali dogo kwanza: 1/(1×2) + 1/(2×3) + 1/(3×4) hivohivo mpaka 1/(9×10). Sehemu tisa tu. Ukizifungua ni 1/2, 1/6, 1/12, 1/20, 1/30, 1/42, 1/56, 1/72 na 1/90.

Mtu wa LCM atakaa kitako atafute namba inayogawika kwa zote hizo za chini, na ipo, ni 2520. Juu ataandika 1260 + 420 + 210 + 126 + 84 + 60 + 45 + 35 + 28, ajumlishe apate 2268, halafu 2268/2520 akate juu na chini kwa 252, abaki na 9/10. Jibu sahihi kabisa, hakuna mwenye ruhusa ya kumnyima maksi. Yataka subira na karatasi, na yataka mkono uliotulia, kwa sababu ukiandika 48 badala ya 45 hapo katikati basi yote imeharibika na wala hutajua imeharibikia wapi, utaona tu sehemu mbaya haikatiki vizuri, uanze kulaumu kalamu.

Sasa mwambie huyohuyo aende mpaka 1/(99×100). LCM ya hapo ni namba ya tarakimu 41. Arubaini na moja yakhe! Huo si mtihani tena, hiyo ni adhabu.

Mtu wa teleskopi yeye hajumlishi, yeye avunja. Aona kwamba 1/3 − 1/4 ni 1/12, na 1/12 ndo ileile 1/(3×4). Na 1/4 − 1/5 ni 1/20. Kila sehemu kwenye foleni ni tofauti ya sehemu mbili za kawaida, 1/r − 1/(r+1), kwa hivo aandika hivi:

1/1 − 1/2
1/2 − 1/3
1/3 − 1/4
...
1/9 − 1/10

Toa nusu hapa, ingiza nusu mstari wa chini yake, toa theluthi, ingiza theluthi, zote za katikati zafutana, wabaki na 1 ya kwanza kabisa na −1/10 ya mwisho kabisa. 1 − 1/10, 9/10, kwisha. Ni kama mita ya kilomita ya matatu, ukitaka kujua gari imetembea kiasi gani kutoka Buxton mpaka Mtwapa huna haja ya kujumlisha Buxton hadi Kongowea, Kongowea hadi Bombolulu, stegi kwa stegi, wasoma mita ya mwisho watoa ya mwanzo, bas. Na ikienda mpaka 1/(99×100) kazi haiongezeki hata kidogo: 1 − 1/100, yaani 99/100.

Kwa hilo swali mshindi ajulikana, hakuna ubishi. Lakini ukiishia hapo utaona teleskopi ni uchawi, na hapo ndo watu wengi waharibikiwa, kwa sababu wameona mfano mmoja mtamu wakadhani kila foleni yenye sehemu itafutana. Nitarudi hapo, ngoja kwanza nimalizane na hawa wengine wawili.

Yule wa patani ana hoja yake na mimi simdharau. Ajumlisha kidogokidogo: sehemu moja 1/2, mbili 2/3, tatu 3/4, nne 4/5. Aha! Kwa hivo tisa ni 9/10 na n ni n/(n+1). Mtoto mdogo aweza kuiona hiyo. Shida ni kwamba mpaka hapo ameona tu, hajathibitisha, na mwalimu wa chuo atamkata maksi bila huruma, kwa hivo lazima aongeze indaksheni juu yake: achukulie kwamba k za kwanza ni k/(k+1), aongeze inayofuata ambayo ni 1/((k+1)(k+2)), juu itoke k(k+2) + 1, hiyo ukiifungua ni k² + 2k + 1 yaani (k+1)², (k+1) moja ikatike na ya chini, abaki na (k+1)/(k+2). Imekubali. Mimi khasa napenda vile (k+1)² yajitokeza yenyewe hapo bila kulazimishwa.

Lakini mpe patani hii sasa: 1/(1×3) + 1/(2×4) + 1/(3×5) + 1/(4×6). Ya kwanza 1/3. Mbili zafanya 11/24. Tatu zafanya 21/40. Nne zafanya 17/30. Haya, niambie patani. Hamna kitu, au tuseme ipo lakini imejificha, maana kila ukijumlisha sehemu yakatika na ikikatika alama zote zapotea. Jumla yake ya kweli ni n(3n+5) juu ya 4(n+1)(n+2), weka n = 4 utapata 4×17 juu ya 4×30, ndo hiyo 17/30, lakini nani angebahatisha 3n+5 akiwa aangalia 21/40? Na indaksheni hapo haina msaada wowote kwa sababu yenyewe yajua kuthibitisha, kutafuta haijui. Lazima mtu aje na fomula mkononi ndo ianze kazi.

Kwa hivo mimi nawaambia wanafunzi waangalie kitenzi cha swali kabla ya kuangalia namba. Swali likisema "thibitisha kwamba jumla ni" kisha fomula iko hapo imeandikwa, indaksheni ni njia salama na mara nyingi ni fupi, na hata kama waiona teleskopi waweza kuchagua yoyote isipokuwa wamekuandikia kabisa "kwa indaksheni", hapo ukileta teleskopi waweza kukosa maksi na jibu liko sawa, na usije kulia kwangu. Swali likisema "tafuta jumla", indaksheni iache kando, itakupotezea muda. Ndugu zetu wa upande wa Tanzania wa kidato cha sita wapewa haya maswali ya aina zote mbili na huwa wawaona wamezoea kutofautisha, sisi huku fom thri twafundishwa AP (foleni ya kuongeza namba ileile kila mara) na GP (foleni ya kuzidisha kwa namba ileile kila mara) halafu twafunga kitabu, mtu aja kukutana na haya akishaingia chuo.

Kalkuleta sina maneno mengi. Nzuri ya kuhakiki. Kwa mfano kuna foleni ya sehemu nane nitakayoileta hapo chini, jibu lake 29/45; ukilipata kwa karatasi, piga zile sehemu nane moja moja uone kama yatoa 0.6444, ikitoa basi lala. Zile zenye batani ya sigma zakujumlishia mpaka mia bila jasho. Lakini swali likiwa na n haliwezi kusaidika, na hata bila n jibu la desimali laweza kukuficha sehemu yenyewe, 0.495049505 ndo nini? Ni 50/101, lakini ungejuaje.

Sasa turudi kwa teleskopi, maana hapa ndo penye nyama.

Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aniletea daftari, swali ni lile la 1/(1×3) + 1/(2×4) + 1/(3×5) mpaka 1/(8×10), na yeye ameandika jibu nusu ya (1 − 1/10), yaani 9/20. Aniuliza, "Ticha, mbona kalkuleta yakataa?" Namuuliza, mwanangu umeiandika mistari yote? "Sijaiandika, nimeona tu zakatika." Haya iandike:

1/1 − 1/3
1/2 − 1/4
1/3 − 1/5
1/4 − 1/6
1/5 − 1/7
1/6 − 1/8
1/7 − 1/9
1/8 − 1/10

Angalia vizuri nani amfuta nani. −1/3 ya mstari wa kwanza yafutwa na 1/3 ya mstari wa tatu, si wa pili. −1/4 yafutwa na ya mstari wa nne. Kwa hivo juu 1 na 1/2 hazina wa kuzifuta, zabaki zote mbili, na chini −1/9 na −1/10 nazo zabaki zote mbili. Jumla ya hayo yaliyobaki ni 1 + 1/2 − 1/9 − 1/10, ambayo ni 116/90, halafu nusu yake ni 58/90, ukikata 29/45. Ile nusu yatoka wapi? Yatoka hapa: 1/r − 1/(r+2) ukiijumlisha wapata 2/(r(r+2)), na wewe ulitaka 1 juu si 2, kwa hivo wagawa kwa 2. Siku zote wagawa kwa pengo lililoko kati ya zile namba mbili za chini. Pengo likiwa 3 wagawa kwa 3.

Baada ya hapo kijana akaniuliza swali zuri sana, akaniambia sasa mbona ile ya 1/(1×3) + 1/(3×5) + 1/(5×7) kwenye noti za darasani nayo ina pengo la 2 lakini yabakisha moja tu kila upande? Na ni kweli, iandike: 1/1 − 1/3, kisha 1/3 − 1/5, kisha 1/5 − 1/7, hapa kila mmoja afutwa na mstari unaofuata papo hapo. Zabaki 1 na −1/(2n+1), nusu yake ni n/(2n+1). Ukienda mpaka 1/(99×101) hiyo ndo ile 50/101 niliyoitaja pale juu.

Tofauti iko kwenye hatua. Pengo ni umbali kati ya namba mbili za chini ndani ya sehemu moja. Hatua ni umbali kutoka sehemu moja kwenda inayofuata. Kwenye 1×3, 2×4, 3×5 pengo ni 2 na hatua ni 1, kwa hivo zabaki mbili kila upande. Kwenye 1×3, 3×5, 5×7 pengo 2, hatua 2, yabaki moja. Kwenye 1×4, 2×5, 3×6 pengo 3, hatua 1, zabaki tatu: 1, 1/2 na 1/3 upande wa mwanzo, na ukienda bila mwisho jumla yawa theluthi ya 11/6, yaani 11/18. Gawanya pengo kwa hatua, jibu ndo idadi ya mabaki kila upande. Hii ndo kitu cha kwanza naangalia mimi kabla sijachagua njia yoyote, kabla hata sijashika kalamu, na yachukua sekunde mbili.

Na ndo hii hii yakwambia wakati wa kuiacha teleskopi. Angalia hizi mbili zimekaa pamoja:

1/(1×2) + 1/(2×3) + 1/(3×4) + ...
1/(1×2) + 1/(3×4) + 1/(5×6) + ...

Kwa macho ya haraka ni ndugu wa tumbo moja. Ya pili pengo ni 1 lakini hatua ni 2. Moja gawanya kwa mbili ni nusu, na huwezi kuwa na mabaki nusu, maana yake hakuna anayekutana na wa kumfuta. Ivunje utaona: 1 − 1/2, kisha 1/3 − 1/4, kisha 1/5 − 1/6. Imevunjika vizuri kabisa, lakini −1/2 yangojea 1/2 ambayo haiji kamwe. Ile ya kwanza ukienda bila mwisho yafika 1, hii ya pili yafika logi asilia ya 2, kama 0.693, na hiyo yapatikana kwa njia nyengine kabisa ya kalkulasi. Kwa sehemu tatu za mwanzo tu, 1/2 + 1/12 + 1/30, shika LCM yako ya 60: 30 + 5 + 2, jibu 37/60, mambo yameisha na hakuna teleskopi ingekusaidia hapo. Ndo nikasema LCM si ya kudharauliwa. Sehemu tatu, nne, tano, namba ndogo, LCM yashinda wote kwa sababu haihitaji akili, yahitaji mkono tu.

Mtego mwengine ni GP, na huu wawanasa khasa watoto wa sekondari kwa sababu GP ndo wameizoea. Andika 1/2 + 1/6 halafu funika zinazofuata. Yaweza kuwa 1/2 + 1/6 + 1/12, au yaweza kuwa 1/2 + 1/6 + 1/18. Sehemu mbili za kwanza ni zilezile! Ya pili ni GP, kila mara wazidisha kwa 1/3, na ukienda bila mwisho fomula yakupa 1/2 gawanya kwa 2/3, yaani 3/4. Ya kwanza si GP, ukitoka 2 kwenda 6 umezidisha mara tatu lakini 6 kwenda 12 ni mara mbili tu. Nimeona mtu ameandika 3/4 kwa swali ambalo jibu lake ni 1, kwa sababu aliangalia mbili akaacha ya tatu. Kama ni GP, usivunje chochote, tumia fomula ya GP utoke. Kama si GP wala AP, hapo ndo waanza kuzitazama namba za chini kama zapasukika kuwa mara mbili.

Halafu kuna zile zapasukika vizuri lakini juu si 1. Kwa mfano r juu ya (r+1)(r+2). Ukiivunja wapata 2/(r+2) − 1/(r+1). Mbili zaingia, moja yatoka, hazitafutana hata ufanyeje, na hiyo foleni yenyewe haifiki popote, yakua tu. Ukivunja ukaona namba za juu zikijumlishwa hazitoi sifuri, weka teleskopi chini. Lakini usikate tamaa kila ukiona r juu, kwa sababu kuna tamu moja ya faktoria (5! ni 5×4×3×2×1): 1/2! + 2/3! + 3/4! + 4/5!. Hapa r waiandika kama (r+1) − 1, na r/(r+1)! yageuka kuwa 1/r! − 1/(r+1)!. Mstari mmoja tu. Jibu ni 1 − 1/120, yaani 119/120. Hiyo kwa LCM pia yatoka, 60 + 40 + 15 + 4 juu ya 120, sawasawa, lakini ongeza sehemu tano zaidi uone kama LCM itakufurahisha.

Na zile za namba tatu chini, 1/(1×2×3) + 1/(2×3×4) + 1/(3×4×5)? Hapa hata ndani ya teleskopi kuna njia mbili za kuchagua, na wengi wachagua ile ndefu. Njia ya vitabu ni kuvunja vipande vitatu: 1/(2r) − 1/(r+1) + 1/(2(r+2)). Yafanya kazi, zafutana tatu tatu kwa mshazari, na kwa mshazari hapo ndo watu wapoteana, kalamu tatu za rangi na bado mtu hajui kipi kimebaki. Njia fupi ni kuvunja vipande viwili tu lakini uache mbili mbili chini: 1/(r(r+1)) toa 1/((r+1)(r+2)), halafu gawanya kwa 2. Sasa yafutana mstari kwa mstari kama ile ya kwanza kabisa, wabaki na nusu ya (1/2 − 1/((n+1)(n+2))). Kwa sehemu nne: nusu ya (1/2 − 1/30), nusu ya 14/30, 7/30. Hakiki kwa LCM ya 120: 20 + 5 + 2 + 1 ni 28, 28/120 ni 7/30. Mimi ile ya vipande vitatu siku hizi siifundishi mpaka mtu aniulize.

Kuna siku mtu atakuuliza kwa nini ujisumbue na haya yote, na waweza kumwambia kwamba wakubwa wenyewe wa hisabati walipitia hapahapa. Mwaka 1672 kule Paris, Huygens alimpa Leibniz, wakati huo kijana bado, foleni hii ajumlishe: 1 + 1/3 + 1/6 + 1/10 + 1/15 bila mwisho. Zile za chini ni namba za pembetatu, na kila sehemu hapo ni mara mbili ya zile zetu, 1 ni mara mbili ya 1/2, 1/3 ni mara mbili ya 1/6, 1/6 ni mara mbili ya 1/12. Na zetu bila mwisho zafika 1, kwa hivo jibu ni 2. Leibniz akaipata kwa kutumia tofauti, na Mengoli wa Bologna alikuwa ashaifanya tangu 1650. Mengoli huyohuyo akajaribu 1 + 1/4 + 1/9 + 1/16, zile za mraba, akakwama, na wengine baada yake wakakwama, mpaka miaka ya 1730 Euler akaja na π²/6, karibu 1.645.

Hiyo ya mraba ni funzo zuri kwa mwenye kuchagua njia, kwa sababu teleskopi yatoa nusu ya kazi hapo. 1/9 ni ndogo kuliko 1/(2×3), 1/16 ni ndogo kuliko 1/(3×4), kila 1/r² ni ndogo kuliko 1/((r−1)r), kwa hivo jumla yote ni chini ya 1 + 1, haipiti 2 abadan. Jumla kamili hukuipata, lakini swali likikuuliza tu "onyesha kwamba haizidi 2", teleskopi yamaliza kwa mistari miwili na Euler humuhitaji. Na kama ni 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4, ile ya kawaida kabisa, hiyo msijisumbue kuitafutia fomula fupi, haipo. Mpaka 1/100 yafika kama 5.187 na yaendelea kukua bila kusimama, polepole sana. Kumi za kwanza piga LCM, ni ileile 2520, zaidi ya hapo chukua kalkuleta na hakuna atakayekucheka.

Basi jipimeni na hii, maana ndo huwa nawapa jioni kabla hawajatoka: 1/(1×5) + 1/(5×9) + 1/(9×13) mpaka 1/(97×101). Pengo 4, hatua 4, yabaki moja kila upande. Jibu ni 25/101, na ukipata 100/101 ujue umesahau kugawa kwa 4.